Kimbunga Hakiishii Pwani

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia, macho ya nchi nzima yalikuwa pwani. Boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, wavuvi waliambiwa wasitoke, na watu walishinda na simu mkononi wakiulizana kimefika wapi. Haukupita muda mrefu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu. Dar es Salaam ikashusha pumzi, na utani ukaanza mitandaoni kuhusu kimbunga kisichoezua hata banda la kuku. Kilwa hawakuwa na la kutania. Mvua iliyoandamana na Hidaya ilikata barabara kuu ya Lindi maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili yakisubiri njia irudishwe. Upepo ulikuwa umemaliza kazi yake. Maji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza.

Tumezoea kukihesabu kimbunga kuwa balaa la watu wa baharini, kitu kinachopimwa kwa kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, na kinachokwisha pale kinapogusa nchi kavu. Kwa mtu wa Morogoro, hasa anayelima na kulala kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, hesabu hiyo ni ya hatari. Setilaiti zimetuwezesha kukiona kimbunga siku kadhaa kabla hakijafika, na hilo ni jambo kubwa ambalo mababu zetu hawakuwa nalo. Lakini setilaiti hizo hizo huona vibaya zaidi pale mlima unapokutana na hewa yenye unyevu, yaani mahali penyewe ambapo mvua hugeuka maafa. Nadhani pengo hilo halitazibwa na chombo kingine kikirushwa angani. Litazibwa na mtabiri aliyefundishwa kuujua mlima, na taarifa inayomfikia mkulima wa Nyandira, kule mlimani, ikiwa imeandikwa kwa ajili yake.

Ushahidi wa kwanza uko kwa jirani zetu wa kusini. Machi 2019 Kimbunga Idai kilitua Beira, Msumbiji, na picha za mji ule uliozama zilienea duniani kote. Zimbabwe haina hata hatua moja ya ufukwe, na bado Idai kiliua huko mamia ya watu, wengi wao Chimanimani, wilaya ya milimani iliyo kiasi cha kilomita 200 kutoka Beira. Usiku mmoja mawe makubwa na tope vilishuka kwenye makazi ya Ngangu na Kopa watu wakiwa wamelala. Miaka minne baadaye, Machi 2023, ikawa zamu ya Malawi, nchi nyingine isiyo na bahari. Kimbunga Freddy kilichokuwa kimezunguka Bahari ya Hindi kwa wiki tano kilimwaga mvua kwenye nyanda za juu za kusini, na huko Chilobwe, pembezoni mwa Blantyre, mlima ukashuka juu ya nyumba. Waliokufa na waliopotea nchini Malawi walizidi elfu moja. Sasa chukua ramani upime kutoka pwani ya Dar es Salaam hadi mji wa Morogoro kwa mstari ulionyooka: hazifiki kilomita 200. Anayesema Morogoro iko mbali na bahari aeleze kwanza Chimanimani ilikuwa karibu kwa kipimo gani.

Uluguru si vilima. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na mlolongo mzima umesimama peke yake kwenye tambarare, ukikabili upepo unaotoka Bahari ya Hindi bila kizuizi kikubwa katikati. Hewa ya bahari ikifika pale hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na mlima huikamua kama tui la nazi. Ndiyo maana upande wa mashariki, kwenye migomba na minanasi ya Kinole na Matombo, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, wakati mji wa Morogoro ulio chini ya mlima huo huo hauoni hata nusu yake. Maji hayo ndiyo yanayojaza Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam, na Ngerengere unaoingia Bwawa la Mindu. Tunaimba sifa za mlima kwa sababu ya maji hayo, na tuna haki. Ila kuna siku mlima hutoa kwa saa tatu kile ambacho udongo ungeweza kukipokea kwa wiki.

Siku kama hiyo ilikuwa tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi. Mvua ya kiasi cha milimita 100 ilinyesha katika muda usiozidi saa tatu. Kwa kipimo cha TMA, milimita 50 katika saa 24 zinatosha kuitwa mvua kubwa. Mgeta walipata mara mbili ya hizo kwa muda wa kwenda sokoni na kurudi. Paul Temple na Anders Rapp, wanajiografia waliokwenda kuichunguza miteremko baada ya tukio hilo, walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000 katika eneo dogo, na wakaona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, huku sehemu zenye miti zikishika udongo wake. Hakikuwa kimbunga. Ilikuwa mvua ya ngurumo, na wingu lenyewe lilifunika bonde moja tu. Ndiyo maana tukio hilo linanitisha kuliko picha yoyote ya Hidaya: kama wingu la bonde moja linaweza kufanya hivyo, mabaki ya kimbunga yakikaa siku mbili juu ya Uluguru, udongo ukiwa tayari umelowa, yatafanya nini?

Hapa mpanga bajeti wa halmashauri atanyoosha mkono, na swali lake ni halali. Vimbunga kwetu ni nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuifanya hewa izunguke ikajifunga, kwa hiyo vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huzaliwa kusini zaidi na kuelekea Madagaska au Msumbiji. Kumbukumbu za pwani yetu ni chache: Aprili 1872 dhoruba iliipiga Unguja, ikavunja vyombo vya Sultani Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, hata Pemba iliyosalimika ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo; Aprili 1952 kimbunga kikapiga Lindi; kisha miaka sabini na miwili hadi Hidaya. Kwa nini basi Morogoro igharimie jambo linalokuja mara moja kwa umri wa mtu? Kwa sababu kimbunga hakihitaji kufika ili kituguse. Machi 2019, Idai kilipokuwa kati ya Msumbiji na Madagaska, kilivuta unyevu kuelekea kwake, na masika ya Afrika Mashariki yakachelewa. Mkulima aliyekuwa amepanda mahindi kwa mvua za mwanzo akaangalia mche unanyauka. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa mashariki wa Madagaska, upepo wenye unyevu kutoka bonde la Kongo ulivutwa kuja mashariki, na mvua zikawa kubwa kupita kawaida. Kimbunga kikiwa upande mmoja wa kisiwa kile kinaweza kutunyima mvua, kikiwa upande wa pili kinaweza kutuzidishia. Kulijua hilo na kulitamka kwa mkulima wa Mvomero wiki moja mapema ni kazi ya kila msimu. Na mtabiri aliyejifunza kuifanya ndiye huyo huyo atakayehitajika Mto Mkondoa ukivunja kingo kule Kilosa, kama Desemba 2009, au maji yakiharibu daraja la Dumila na kukata barabara ya Dodoma, kama Januari 2014.

Mtabiri huyo anaona nini hasa? Mwaka 1872 hakuona kitu. Hata waya wa simu wa kuunganisha Unguja na Aden haukuwa umewekwa. Mwaka 1952 vilikuwapo vituo vya kupimia hewa na taarifa za meli, lakini setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa Aprili 1960. Leo Bahari ya Hindi inaangaliwa mchana na usiku na Meteosat, setilaiti za shirika la EUMETSAT lenye makao Darmstadt, Ujerumani. Zimewekwa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikienda sambamba na dunia, kwa hiyo kutoka ardhini huonekana kama zimeganda mahali pamoja, na hii inayotuhusu hutuma picha kila baada ya dakika 15. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii mradi wa PUMA ulisambaza madishi na kompyuta za kupokelea picha hizo katika idara za hali ya hewa za Afrika. Zipo pia setilaiti zinazopita chini zaidi, kutoka ncha hadi ncha ya dunia, ambazo hupima upepo kwa jinsi unavyokwaruza uso wa bahari na kuchungulia mvua iliyofichwa ndani ya wingu.

Picha hizo hazijisomi. Kuna mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970, na hadi leo vituo vya vimbunga duniani vinaitumia. Mtabiri hufuata mkono wa mawingu unavyojiviringa kuelekea katikati na kukadiria umezunguka kwa kiasi gani. Jicho likishafunguka, hulinganisha joto la ndani ya jicho na ubaridi wa vilele vya mawingu yanayolizunguka: tofauti ikiwa kubwa, kimbunga ni kikali. Mwisho hutoa namba, kati ya 1 na 8, na namba hiyo hugeuzwa kuwa kasi ya upepo ambao hakuna aliyeusimamia na kipimo. Watabiri wawili waliofundishwa vizuri huweza kutofautiana nusu namba kwa picha ile ile, wakabishana, wakarudi kwenye picha ya robo saa iliyopita. Kwa eneo letu la bahari kauli kuu juu ya vimbunga hutoka kituo cha kisiwa cha Reunion kinachoendeshwa na Météo-France, na TMA huichukua, huipima na uchunguzi wake, kisha ndiyo hutoa tahadhari kwa Watanzania. Watu wengi hudhani kazi hiyo inafanywa na mashine mwanzo hadi mwisho. Katikati yake yupo mtu anayekodoa macho.

Ukitoka baharini ukaingia Uluguru, hali inabadilika. Usiku setilaiti hukadiria mvua zaidi kwa joto: kilele cha wingu kikiwa baridi sana, wingu ni refu, na wingu refu kwa kawaida hunyesha sana. Kanuni hii inafanya kazi vizuri juu ya Rufiji au Ziwa Viktoria, ambako mawingu ya ngurumo hujenga minara ya kilomita 15. Kwenye mteremko wa mashariki wa Uluguru wingu huweza kukaa chini, limeegemea mlima, likilishwa unyevu na upepo wa bahari saa baada ya saa, likinyesha bila kuchoka huku kilele chake hakina ubaridi wa kutisha. Setilaiti huliona kuwa wingu la kawaida. Wataalamu wamelijua tatizo hili kwa miaka mingi katika milima ya kila bara: makadirio kutoka angani hupunja mvua ya mlimani. Rada ingesaidia, na TMA imeongeza rada zake kuanzia ile ya Dar es Salaam, lakini mlima hukinga mawimbi ya rada, na nyuma yake hubaki kivuli. Modeli za kompyuta nazo huigawa dunia katika visanduku, na kisanduku cha kilomita 25 humweka mtu wa Kinole na mtu wa Mgeta chumba kimoja, ingawa mmoja yuko upande wa mvua na mwingine yuko nyuma ya ukuta.

Wapo watakaosema akili unde itamaliza haya. Tangu mwaka 2023 programu za aina hiyo zimeonyesha uwezo wa kukisia njia ya kimbunga kwa dakika chache, wakati mwingine vizuri kuliko modeli zilizogharimu kompyuta za mabilioni, na kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kimeiingiza yake katika kazi za kila siku. Sina sababu ya kuzidharau. Lakini programu hizo zimejifunza kutokana na kumbukumbu za zamani zenye visanduku vile vile vinavyoumeza mlima, na mahali ambapo kipimamvua hakikuwapo hakuna cha kujifunza. Zitatuambia kimbunga kinapita wapi. Kutuambia unyevu wake utagonga bonde gani, kwa sasa, bado ni juu ya mtu anayejua kwamba upepo ukitoka mashariki kwa siku mbili mfululizo Matombo hulowa mapema, na kwamba ukigeuka kutoka magharibi zamu huwa ya Mgeta.

Mtu huyo anatoka wapi? Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kule Kigoma, ina shahada ya fani hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka mingi imepeleka watu wake katika taasisi ya Nairobi, ambayo ni mojawapo ya vituo vya Afrika vinavyofundisha usomaji wa picha za setilaiti kwa kushirikiana na EUMETSAT. Misingi ipo. Ninachokiona kinapungua ni mafunzo yanayomshusha mtabiri kutoka kwenye picha ya bara zima hadi kwenye mteremko mmoja. Kila mafuriko makubwa yaliyopita yangefaa kuwa darasa: picha za siku ya Dumila, Januari 2014, zichezwe upya mbele ya wanafunzi, dakika 15 baada ya dakika 15, bila kuambiwa mwisho wake, na kila mmoja aamue saa ngapi angetoa tahadhari na angeandika nini. Kisha wapande gari hadi Nyandira waone barabara inavyokatika. Morogoro ni mahali pa kufaa kwa mafunzo hayo, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kiko hapo hapo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yenye ofisi mjini ndiyo inayopima mito. Vipimamvua vya kawaida, vikiwekwa kwenye shule za msingi za pande zote mbili za mlima na mwalimu akatuma usomaji kwa simu kila asubuhi, vingemsaidia mtabiri kuliko skrini mpya.

Sehemu ya pili ya kazi ni kusema. Taarifa za TMA zina mpangilio ambao wasomaji wengi wanaufahamu: angalizo la mvua kubwa limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya mkoa fulani, uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani, baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, tafadhali zingatia na ujiandae. Ni mpangilio mzuri kuliko ule wa zamani, kwa sababu unataja athari, na unafuata mwongozo ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilizitolea nchi mwaka 2015: mwambie mtu mvua itamfanyia nini, usimwachie milimita peke yake. Tatizo ni yale maneno “baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro”. Mkoa huu ni mkubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. TMA yenyewe huukata vipande viwili katika utabiri wa msimu, kaskazini yenye vuli na masika, kusini yenye msimu mmoja mrefu. Mtu wa Langali, huko Mgeta, akisoma “baadhi ya maeneo” atajiweka nje ya hayo baadhi, na ni nani atamlaumu? Mkulima mwenye kabichi shambani na lori lililokodiwa anahitaji kujua mambo matatu: mvua itaanza lini, itakaa muda gani, na barabara ya kushuka Sangasanga ina hatari kiasi gani. Akiambiwa kuanzia kesho jioni hadi keshokutwa usiku, upande wa magharibi wa mlima, atapakia leo. Akiambiwa mkoa wa Morogoro, ataendelea na palizi.

Lakini watabiri wakijibana hivyo si watakosea zaidi, na watu si watawapuuza? Hofu hii ni ya kweli. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walihamishwa na shule kufungwa kwa ajili ya Kimbunga Kenneth, kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka. Aprili 2021 Jobo kilitangazwa kuelekea pwani yetu, kikachoka kabla ya kufika. Kila mara lilibaki neno mtaani kwamba hawa hutisha watu bure. Hata hivyo fikiria maana ya “uwezekano wa wastani”. Kama kila taarifa ya namna hiyo ingetimia, basi mtabiri angekuwa amedanganya, kwa sababu alipaswa kusema uwezekano ni mkubwa. Tahadhari ambayo wakati mwingine haitimii ndiyo tahadhari ya kweli. Kosa letu ni kuacha tukio lipite kimya. Baada ya Kenneth, watu wa Mtwara walistahili kuelezwa kwa lugha ya kawaida jinsi kimbunga kilivyopita kusini yao na kilivyowafanya majirani zao wa Cabo Delgado. Mtu akielezwa hivyo haoni alidanganywa, anaona alinusurika. TMA ingejenga imani zaidi kwa kurudi redioni siku tatu baada ya kila tahadhari, kwenye vituo vya mikoani kama Abood FM ya Morogoro, na kusema wazi walipopatia na walipokosea.

Kwamba picha peke yake haiokoi, dunia ililipa bei kubwa kujifunza. Mwaka ule ule wa maporomoko ya Mgeta, Novemba 1970, kimbunga kiliipiga Pakistani ya Mashariki, Bangladesh ya leo, na kuua watu wanaokadiriwa kuzidi laki tatu. Setilaiti ilikuwa imekiona. Taarifa haikuwafikia watu wa visiwani kwa namna iliyowafanya waondoke. Serikali na Msalaba Mwekundu, leo Hilali Nyekundu, wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea: kijana mwenye kipaza sauti na bendera, anayejulikana kijijini, anayepita nyumba kwa nyumba na kuelekeza watu kwenye jengo la kujikinga. Mwaka 2007 Kimbunga Sidr, kikali sana, kiliua watu kiasi cha elfu tatu na ushee. Ni vifo vingi bado, lakini tofauti kati ya namba hizo mbili haikuletwa na setilaiti bora pekee. Sehemu kubwa ililetwa na yule kijana.

Kwa Uluguru kuna somo la nyumbani pia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi udongo wa mlima kwa matuta ya ngazi. Wataalamu walikuwa sahihi kwamba udongo unaondoka, ila matuta yenyewe yalichosha watu, yalifukua udongo usio na rutuba, na yalikuja kwa amri na faini. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango ukafa. Ushauri wa kitaalamu uliotolewa kwa kiburi uliwapotezea watu imani kwa ushauri wenyewe. Waluguru, wenyeji wa mlima, hawakuwa wageni katika kutabiri mvua. Ukoo wa Kingalu wa Kinole ulijulikana mbali kwa jambo hilo, na wazee bado husoma upepo, maua ya miti na ukungu wa vileleni. Wengine huona haya ni ushindani na sayansi. Ladislaus Chang'a, ambaye sasa ndiye Mkurugenzi Mkuu wa TMA, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2010 utafiti juu ya dalili za asili za mvua katika nyanda za juu kusini magharibi, na watafiti wa SUA wamefanya kazi ya kuunganisha dalili hizo na utabiri wa kisayansi huko Lushoto. Dalili za wazee zinahusu zaidi msimu; hazitamwambia mtu kwamba kimbunga kiko Komoro. Lakini mzee anayeheshimiwa akikaa meza moja na mtabiri, taarifa ya mtabiri hupanda mlima kwa miguu ya mzee, na kule mtandao wa simu usikofika hiyo ndiyo njia ya uhakika.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mwisho, na sitajifanya lina jibu jepesi. Mtu anayeishi kwenye mteremko, hana shamba kwingine wala ndugu mjini, hata akionywa vizuri aende wapi? Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza mwaka 2022 lengo la kila mtu duniani kufikiwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Tahadhari isiyo na mahali pa kwenda inaweza kufika kwa wakati na bado isiokoe mtu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa hadi kijiji, na kazi hii ni ya kamati za chini kabisa. Mtabiri hana namna ya kujua kutoka Dar es Salaam ni darasa lipi Nyandira lililo juu ya mwamba, mbali na korongo, wala wagonjwa na wazee wasiojiweza wanaishi kitongoji gani. Mwenyekiti wa kijiji anajua. Hayo yaandikwe kabla ya masika, pamoja na jina la mwenye ufunguo wa darasa hilo na la mwenye bodaboda atakayemfuata saa nane usiku.